Bima ya Wazee Wetu na Mafao ya Nyongeza
Mada iliyotolewa kwenye mkutano wa mwaka na harambee



Kamati ya Afya imeniomba nizungumze juu ya bima ya afya ya wazee walioko nyumbani, kwa kuwa sehemu ya fedha tutakazochanga leo imekusudiwa kazi hiyo. Mimi ni mhasibu, si daktari, kwa hiyo nitazungumzia karatasi na hesabu.

Wengi wenu mmeiona ile karatasi ya rangi ambayo wakala mmoja wa bima aliiletea kamati. Juu kuna babu na bibi wanacheka. Chini yao kuna orodha: miwani, meno, uchunguzi wa afya wa kila mwaka, gari la wagonjwa, mkono wa pole. Hayo ndiyo mafao ya nyongeza, vitu vinavyowekwa juu ya mafao ya msingi ambayo ni kumwona daktari, vipimo, dawa, kulazwa na upasuaji. Nimesikia watu wakisema, "Hii nzuri, ina miwani." Naomba tuifungue tuone ndani.

Nitatumia tarakimu za mfano ili tuhesabu pamoja bila kalamu. Tuseme mpango wenye nyongeza unauzwa shilingi 900,000 kwa mzee mmoja kwa mwaka, na mpango ule ule bila nyongeza ni shilingi 700,000. Tofauti ni 200,000. Sasa geuzeni karatasi, msome jedwali la mafao lenye maandishi madogo. Miwani, kikomo shilingi 100,000, tena mara moja kila miaka miwili. Meno, kikomo 100,000 kwa mwaka, kung'oa na kuziba tu. Meno ya bandia hayamo. Kwa miaka miwili tumelipa nyongeza ya 400,000. Mzee akitumia miwani na meno mpaka kikomo, amepata 300,000. Na wazee wangapi kule mlimani watakwenda kwa daktari wa meno kila mwaka? Wapare tunasemwa kwa kubana shilingi. Basi tuibane hapa.

Mtaniambia kuna mkono wa pole. Ni kweli, na fedha hiyo humsaidia aliyebaki. Lakini sisi tuna vyama vya kuzikana tangu zamani, na sijawahi kuona msiba wa Usangi ukikosa chakula wala jeneza. Tukinunua mkono wa pole ndani ya bima ya afya, tunalipia mara ya pili kitu tulicho nacho.

Sasa niseme lililo zito zaidi. Macho ya wazee wetu wengi yanasumbuliwa na mtoto wa jicho, na ugonjwa huo hauponi kwa miwani. Dawa yake ni upasuaji, ambapo daktari anaondoa lenzi iliyofifia na kuweka nyingine. Upasuaji huo hauko kwenye kifungu cha miwani, uko kwenye kifungu cha upasuaji, na huko ndiko masharti magumu yalikojificha. Nimesoma mikataba kadhaa ya kampuni binafsi kwa ajili ya kazi yangu, na mara nyingi kuna kipindi cha kusubiri: ugonjwa uliokuwepo kabla ya kujiunga hautibiwi kwa miezi kadhaa, wakati mwingine mwaka mzima au zaidi. Mzee wa miaka 70 anajiunga na nini? Anajiunga na presha, kisukari, magoti na macho. Vyote hivyo vilikuwepo kabla. Kwa hiyo katika mwaka wa kwanza anaweza kuwa na haki ya miwani ya 100,000 na asiwe na haki ya upasuaji ambao ungemrudishia macho yake. Mama anavaa miwani mipya na bado haoni.

Kuna na sharti la umri. Mipango mingi ya binafsi haimpokei mtu mpya aliyekwisha vuka umri fulani, na wanaompokea humpandishia ada kadiri miaka inavyosonga. Ulizeni umri wa mwisho wa kujiunga, na umri ambao bima inakoma hata kama umelipa miaka yote. Halafu ulizeni orodha ya hospitali. Bima ambayo kituo chake cha karibu kiko Moshi mjini, kwa mzee aliyeko Usangi ni bima ya mtu mwingine.

Hapa chama kina nguvu ambayo mtu mmoja mmoja hana. Kikundi kinapojiunga kwa pamoja, kampuni hukubali mara nyingine kupunguza au kufuta kipindi cha kusubiri. Kama tutakaa mezani na wakala yeyote, tumwambie atoe miwani, atoe mkono wa pole, na badala yake aandike kwenye mkataba kwamba magonjwa ya zamani yanatibiwa tangu siku ya kwanza. Akikubali, tutakuwa na cha kujadili. Tuhakikishe pia kwamba amesajiliwa na Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA. Na kampuni ikikataa kulipa dai halali, yuko Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, ambaye watu wengi hawajui kama yupo.

Lakini kabla ya kwenda sokoni, tuhesabu tulivyo navyo ndani ya nyumba. Mtumishi anayekatwa mchango wa NHIF, asilimia 3 yake na asilimia 3 ya mwajiri, anajiandikisha yeye, mwenzi wake na wategemezi wasiozidi wanne. Katika hao wanne, wazazi na wakwe wanaruhusiwa. Nafasi hizi zinapotea kila mwaka kwa sababu ndugu hawakai pamoja kuzihesabu. Kaka ana watoto wanne, nafasi zake zimejaa, anahangaika kumtafutia mama bima ya kununua. Dada yake ni mwalimu Morogoro, ana mtoto mmoja, na nafasi tatu zimekaa bure. Mama angeandikwa kwa dada leo bila kuongeza shilingi hata moja, na angekuwa na dawa, vipimo, kulazwa na upasuaji, pamoja na huduma za macho na meno kwa utaratibu wa Mfuko. Naomba kila ukoo ufanye hesabu hiyo kabla ya mwezi huu kwisha. Wastaafu waliokuwa wanachama nao waulize haki yao na ya wenza wao. Nimekutana na walimu wastaafu waliodhani kadi ilikufa siku walipoagwa kazini.

Mafao hubadilika, hilo tulikumbuke. Kitita kipya cha NHIF kilipoanza Machi 2024, baadhi ya hospitali binafsi zilisitisha kuwahudumia wanachama kwa muda kwa sababu ya mvutano wa bei. Kadi ikaguliwe kila mwaka, isiwekwe kabatini pamoja na vyeti vya ubatizo na hati za shamba.

Kwa wazee wasio na mtoto mwajiriwa, tumezoea CHF iliyoboreshwa, shilingi 30,000 kwa kaya ya watu wasiozidi sita. Ilikuwa na mpaka wake: iliishia hospitali ya mkoa, yaani Mawenzi, haikuvuka kwenda KCMC. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, iliyopitishwa na Bunge Novemba 2023, inakusudia kumwingiza kila mkazi, na wasio na uwezo kugharamiwa na mfuko wa Serikali. Kwa hiyo kazi ya watendaji wetu wa vijiji kuwatambua wazee wasio na uwezo, wenye miaka 60 na zaidi, ni kazi ya fedha nyingi hata kama haionekani. Jina likikosekana kwenye orodha, chama ndicho kitakacholipa.

Pendekezo langu kwa mkutano huu ni kwamba tusinunue ule mpango wa karatasi ya rangi. Fedha ya bima iwalipie wazee ambao, baada ya koo kuhesabu nafasi zao, hawana pa kuandikwa. Inayobaki iwe ya vitu ambavyo bima nyingi hazilipi: nauli ya kushuka kutoka mlimani hadi Moshi na kurudi, chakula na malazi ya anayemsindikiza mgonjwa, fimbo za kutembelea, kiti cha magurudumu. Mzee mwenye kadi nzuri asiye na nauli hafiki hospitali. Hii itakuwa msaragambo wetu wa mwaka huu, tofauti tu ni kwamba badala ya jembe tunakuja na shilingi.

Fomu za kuorodhesha nafasi za wategemezi ziko kwa Mweka Hazina, meza ya kushoto karibu na mlango. Andikeni jina la mzee, kijiji, mwaka wa kuzaliwa, namba ya NIDA kama anayo, na jina la mtoto au mkwe mwenye kadi. Wasio na NIDA waandikwe hivyo hivyo, kamati itafuatilia.