RUBANI WA MIEZI SITA: NANI ANALIPA NJIA YA MKATO?

(Haya ni mazungumzo niliyoyatoa mbele ya vijana wenzetu Jumamosi jioni. Wengi waliomba yachapishwe. Nayaleta kama yalivyosemwa, kwa ajili yako msomaji ambaye hukuwapo.)

Ndugu yangu kijana,

Ukipita jioni kwenye kibanda cha michezo ya video, unamkuta kijana kakodoa macho, jasho linamtoka, anarusha ndege ya kivita kwenye skrini. Wazee wakipita wanatikisa vichwa. Wanasema kizazi hiki kimepotea. Leo nakuambia kwamba Jeshi la Anga la Marekani, lenye fedha kuliko majeshi yote ya anga duniani, lilimtazama kijana wa aina hiyo hiyo likasema: huyu tunaweza kumfanya rubani, tena kwa nusu ya muda wa kawaida.

Usikimbilie kupiga makofi. Usikimbilie kuzomea pia. Sikiliza kwanza habari yenyewe, maana ndani yake kuna somo linalokuhusu wewe ambaye hutaigusa ndege ya kivita maisha yako yote.

Tuanze na shida iliyowasukuma. Mwaka 2017 wakubwa wa jeshi hilo walisimama hadharani wakakiri kwamba wanapungukiwa na marubani wapatao 2,000, katika jeshi linalohitaji kama 20,000. Walikuwa wamekwenda wapi? Wengi walifuata mishahara ya mashirika ya ndege ya abiria. Mwaka 2009 ndege ya abiria ilianguka karibu na Buffalo, New York, wakafa watu 50. Baada ya hapo sheria ilibadilishwa, na rubani mgeni wa shirika la abiria akatakiwa awe ameruka saa 1,500. Lakini aliyefundishwa na jeshi anaweza kuajiriwa akiwa na saa 750. Kwa hiyo rubani wa jeshi akawa lulu. Serikali inamsomesha kwa fedha za walipa kodi, shirika linamchukua akiwa ameiva.

Mafunzo ya kawaida ya urubani wa jeshi huko huchukua takriban mwaka mmoja. Ndipo Februari 2018, mjini Austin, Texas, ukaanza mradi wa majaribio ulioitwa Pilot Training Next. Walichukua wanagenzi 20, na watano kati yao walikuwa askari wa kawaida wasio maofisa. Kila mmoja akapewa kiti, usukani, kompyuta yenye nguvu, na ile miwani mikubwa inayofunika macho yote. Ukiivaa unajiona umo ndani ya ndege. Ukigeuza shingo kushoto unaliona bawa, ukiinama unaiona ardhi. Vifaa hivyo ni vile vile vinavyouzwa madukani kwa wapenda michezo.

Mashine za zamani za kuigiza urukaji hugharimu mamilioni ya dola. Kwa hiyo huwa chache, na mwanagenzi hupanga foleni kusubiri zamu. Hii mpya iliwekwa hadi mahali wanapolala. Mwanagenzi aliyetua vibaya mchana aliweza kurudia kutua mara kumi usiku huo huo, bila kuunguza tone la mafuta. Kompyuta ilirekodi makosa yake, na vipimo vya mwili vikaonyesha lini ameelemewa na lini somo limemkaa. Halafu akapanda ndege ya kweli, T-6, pamoja na mkufunzi. Kubwa zaidi ni kwamba hakungojwa na kalenda. Aliyeelewa somo alisonga mbele, ambaye hajaelewa alirudia.

Agosti 2018, baada ya miezi sita hivi, 13 walivishwa beji ya mabawa. Sherehe zikafanyika, hotuba zikatolewa. Mafunzo mengine ya jeshi yakaanza kuiga njia hiyo.

Sasa, ndugu yangu, hapo ndipo sisi wana mageuzi tunapotakiwa kuuliza maswali. Kigogo akisema "tumepunguza muda", kwanza muulize: mmepunguza kwa sababu mwanafunzi ameelewa mapema, au kwa sababu nyinyi mmebanwa? Hayo mambo mawili hufanana usoni, lakini moja huzaa rubani na lingine huzaa maiti.

Historia inatufundisha. Mwaka 1934 nchini Marekani kulizuka kashfa ya mikataba ya kusafirisha barua kwa ndege. Rais Roosevelt akafuta mikataba, akaliamuru jeshi libebe barua. Ilikuwa Februari, kipindi cha baridi na ukungu. Vijana wale wa jeshi hawakuwa wamefundishwa vya kutosha kuruka usiku na ndani ya mawingu kwa kutazama saa na vipimo tu. Katika miezi michache 12 walikufa. Tazama, wakubwa waligombana juu ya mikataba, na waliozikwa ni vijana.

Ndipo jeshi likamkumbuka mtu mmoja wa Binghamton, New York, aitwaye Ed Link. Baba yake alikuwa mtengenezaji wa piano na vinanda. Link alichukua mifuko ya hewa ya kinanda akaunda kindege cha mbao kisichoruka, kinachoinama na kugeuka palepale sakafuni, ili mwanafunzi ajifunze kuongoza ndege kwa vipimo bila kuona nje. Miaka kadhaa kabla ya hapo wengi walikiona kama mchezo wa watoto katika viwanja vya starehe. Baada ya vifo vile jeshi lilinunua sita, kila kimoja dola 3,500. Katika Vita Kuu ya Pili maelfu ya mashine hizo zilifundisha zaidi ya marubani 500,000.

Kwa hiyo anayesema mashine ya kuigiza ni upuuzi hajui historia. Mashine ile iliokoa watu. Lakini angalia vizuri: kindege cha Link kiliongeza ujuzi ambao haukuwapo. Hakikuletwa ili rubani apunguziwe saa za angani.

Nenda nyuma zaidi. Aprili 1917, katika Vita Kuu ya Kwanza, Uingereza ilipoteza ndege 245 kwa mwezi mmoja huko Ufaransa. Mpaka leo wanauita mwezi ule Aprili ya Damu. Ndege za Wajerumani zilikuwa bora, na Waingereza wengi walipelekwa vitani wakiwa na saa chache mno za kuruka. Mbona dawa haikuwa kuwaweka shuleni miaka mitatu? Mwaka huo huo, huko Gosport, Meja Robert Smith-Barry alibadili namna ya kufundisha. Alimweka mkufunzi na mwanafunzi katika ndege moja, wakiongea kwa mpira wa sauti, na mwanafunzi akafundishwa kwa makusudi jinsi ya kuingia katika hatari na kutoka. Muda haukuwa siri ya mafanikio yake. Siri ilikuwa ubora wa somo.

Upande wa pili watazame Wajapani. Walianza vita wakiwa na marubani wa jeshi la maji waliopikwa wakapikika. Walipowapoteza, na mafuta ya kufanyia mazoezi yakawa haba, wakafupisha mafunzo. Juni 1944, katika vita vya Bahari ya Ufilipino, ndege zao zilianguka kwa mamia, hata askari wa Marekani wakalinganisha siku ile na kuwinda bata mzinga. Vijana wale hawakukosa ushujaa. Walikosa saa za mazoezi. Ushujaa haujawahi kuziba pengo hilo.

Turudi kwenye miwani. Ina mambo isiyoweza. Haikukandamizi kitini mpaka mkono wako ukawa mzito kama jiwe na macho yakaanza kuona giza, kama inavyotokea ndege inapopinda kwa kasi. Haina harufu ya moshi. Zaidi ya yote, haina hofu. Kwenye mchezo ukianguka unabonyeza kitufe unaanza upya. Mtu aliyeanguka mara mia bila kuumia anaweza kujifunza ustadi, na anaweza pia kujifunza uzembe. Ndiyo maana mkufunzi mwenye mvi hauzwi dukani pamoja na miwani.

Tena kuna jambo ambalo hotuba za sherehe hulipitia haraka. Wanagenzi wanaokwenda kwenye ndege za kivita wamefundishwa kwa miongo mingi na ndege iitwayo T-38. Ndege hiyo iliruka mara ya kwanza mwaka 1959. Umesikia sawasawa: kijana wa leo amekaa katika ndege iliyobuniwa enzi za babu yake. Novemba 2019 moja ilianguka Vance, Oklahoma, wakafa wawili. Februari 2021 nyingine ilianguka karibu na Montgomery, Alabama, wakafa mkufunzi na mwanagenzi kutoka Japani. Novemba 2021 mbili ziligongana katika njia ya kurukia huko Laughlin, Texas, akafa mmoja. Sisemi ajali zote hizo zilisababishwa na uzee wa ndege, wala kwamba zilisababishwa na miwani. Nasema kila ndege ya mafunzo inapoanguka, anayekufa ni mwanafunzi na mwalimu wake.

Ndege ya kuirithi, T-7A, ilitiwa saini Septemba 2018 kwa mkataba wa hadi dola bilioni 9.2 na kampuni ya Boeing. Imepewa jina la Red Hawk kuwaenzi marubani weusi wa Tuskegee, waliopigana Vita Kuu ya Pili huku nchi yao wenyewe ikiwabagua. Heshima nzuri. Lakini jeshi lilitaka ianze kazi mwaka 2024, ikashindikana. Kiti cha kumfyatua rubani wakati wa hatari kilionekana kinaweza kumuumiza, programu ya kuongoza ndege nayo ikaleta matatizo. Ndege ya kwanza ya jeshi chini ya mkataba huo iliruka Juni 2023. Miwani ilinunuliwa upesi kwa sababu ni rahisi. Ndege ilichelewa, na kijana akaendelea kupanda ya babu.

Tumejuaje yote haya? Si kwa umbeya wa baa. Huko jeshi likipata ajali kubwa ya ndege, ripoti ya uchunguzi hutolewa hadharani. Mkaguzi wa serikali huandika kwamba mradi umechelewa na kwa nini, na wabunge huwaita majenerali wajieleze mbele ya kamera. Nao wana madhambi yao mengi, lakini hapo tusione haya kujifunza. Siri za vita ni siri. Kifo cha mwanafunzi katika mazoezi na bilioni za walipa kodi si siri ya mtu.

Sasa wewe. Hutaombwa kuwa rubani, lakini njia ya mkato utauziwa kila wiki. Udereva wa siku kumi. Ufundi umeme wa wiki tatu. Cheti mkononi, picha ya sherehe ukutani. Sikuambii uvikatae kwa kuwa ni vifupi, maana wale 13 wa Austin walithibitisha kwamba kozi fupi inaweza kumfikisha mtu. Nakuambia ulipe baada ya kujibiwa maswali matatu. Kama muda umepunguzwa, mazoezi yameongezwa wapi? Nani atanipima, na ana uwezo wa kuniambia bado? Nikikosea siku ya kazi, atakayeumia ni nani?

Kigogo asiyekuwa na jibu la swali la tatu ana jibu tayari, ila hataki kulisema. Atakayeumia ni wewe, au abiria wako, au mama aliyekuamini uweke nyaya katika nyumba yake.

Teknolojia mpya tuipokee kwa mikono miwili. Yule kijana wa kibandani mwacheni acheze, huenda ana kipaji. Lakini siku akiitwa kupanda ndege ya kweli, apewe mwalimu wa kweli na chombo kizima, na ukweli wote kabla hajafunga mkanda.