Maneno ya Kiingereza ya Kutazama na Vineno Viyafuatavyo

Nataka kuzungumza nanyi habari za neno la Kiingereza ambalo kila mwanafunzi hulikuta katika kitabu chake cha kwanza, nalo ni "look", yaani tazama. Neno lenyewe ni jepesi. Taabu yake hutokana na vineno vidogo vilifuatavyo, kama "at", "for", "after", "into" na "up"; maana vineno hivi, vidogo kama vilivyo, huweza kuligeuza neno zima likawa jingine kabisa.

Tuseme kijana mmoja anaandika barua ya kuomba kazi ya kuchunga ng'ombe. Ataka kuahidi ya kuwa atawatunza. Aandika, "I will look for your cattle." Mwenye ng'ombe akiisoma barua ile hushangaa, kwani ameambiwa ya kuwa ng'ombe wake watatafutwa, nao wamo zizini, hawajapotea hata mmoja! Neno lililompasa kijana ni "look after". Huenda yeye ni mchungaji hodari kuliko wote walioomba, walakini barua imemsemea vingine, na kazi akapewa mwenziwe.

Kineno "after" kikiwa peke yake maana yake ni baada ya, au nyuma ya. Mfikirie mama amfuataye nyuma mtoto anayeanza kwenda, asije akaanguka. Hivyo utakumbuka ya kuwa "look after" ni kutunza. Lakini sidai ya kuwa kila kineno kina njia ya kufikiriwa namna hii. Vingine havina, na dawa yake ni kuyashika maneno mawili pamoja kama neno moja.

Wala tusidhani ya kuwa ni sisi tu tusumbukao. Samuel Johnson, aliyetoa kamusi yake kubwa ya Kiingereza mwaka 1755, alikiri katika dibaji yake ya kuwa maneno ya namna hii ndiyo yawapayo wageni taabu iliyo kuu. Na Kiswahili chetu nacho kina mitego yake, illa sisi twaificha katika mkia wa neno. Mgeni hufundishwa ya kuwa kupika ni kupika, na kupikia ni kupika kwa ajili ya mtu. Basi akisikia ona na onea, hudhani ya kuwa kumwonea mtu ni kuona kwa ajili yake. Akimwambia jirani yake kipofu, "Usiogope, mimi nitakuonea," naye akidhani ametoa ahadi ya msaada, jirani atashika fimbo yake aende kwa jumbe kushtaki. Kadhalika tazamia si kutazama kwa ajili ya mtu, bali ni kutarajia. Ajuaye mambo haya katika lugha yake asione ajabu kuyakuta katika lugha ya wengine.

Haya, turudi kwenye "look". "Look at" ni kuelekeza macho kwenye kitu. Na hapa kuna jambo la adabu. Sisi husema, "Nimekwenda kumtazama mgonjwa," na kila mtu afahamu ya kuwa umekwenda kumjulia hali. Ukimwambia Mwingereza, "I went to look at a sick man," atafikiri ulisimama ukamkodolea macho. Sema, "I went to see a sick man." Neno "see" halitaki "at", wala "watch", ambalo ni kutazama kwa muda kitu kinachokwenda au kinachotendeka, kama mchezo wa mpira.

"Look into" ni kuchunguza shauri. Mtu aliyepeleka malalamiko yake ofisini akajibiwa, "We are looking into the matter," asichinje kuku mapema. Ameambiwa ya kuwa jambo lake lachunguzwa. Hajaambiwa ya kuwa amekubaliwa.

"Look up to" ni kumheshimu mtu, na "look down on" ni kumdharau. Haya hayana shida. Bali "look out" ni la kuangaliwa sana. Ukipita chini ya nyumba ijengwayo, na fundi aliye juu akapiga kelele, "Look out!", usiinue uso kutafuta cha kutazama. Ondoka upesi! Maana yake ni jihadhari, kama sisi tupigavyo kelele, "Simile!"

Ukitafuta neno katika kamusi, hilo ni "look up". Waweza kusema "look up the word", na "look the word up" pia ni sawa. Lakini ukiweka "it" badala ya "the word", halina budi kukaa katikati: "look it up". Ukisema "look up it", msikilizaji atadhani ya kuwa kuna mti au bomba la moshi, naye aambiwa achungulie juu yake. Kinyume cha hayo, "look after" haliachani na kineno chake: "look after it", wala si "look it after".

Wako tena makarani wanaotatizwa na "look over" na "overlook". "Look over" ni kuzipitia hesabu au hati upate kuzikagua. "Overlook" aghalabu ni kupitiwa na jambo usilione, au kuliona ukalisamehe. Basi karani aandikaye, "I have overlooked the accounts," akitaka sifa kwa kazi yake, amekiri kwa mkono wake mwenyewe ya kuwa hesabu zilimpita. Na "oversee" je? Hilo ni kusimamia kazi. Walakini jina lifananalo nalo, "oversight", lina maana zote mbili, usimamizi na kosa la kupitiwa, na Waingereza wenyewe hutania juu yake.

Lililobaki ni la mwisho wa barua: "I look forward to hearing from you," yaani natazamia kupata jibu lako. Wengi huandika "to hear", kwa kuwa wamezoea "I want to hear". Lakini "to" hizi mbili si moja. Jaribu kuweka jina la kitu mahali pale. "I look forward to your letter" yakaa vyema; "I want to your letter" haikai kabisa. Basi jina la kitu likikubali kukaa baada ya "to", neno la kitendo litakalowekwa pale aghalabu lataka "-ing" mwishoni.