Kusoma Si Kutuma: Juu ya Barua Pepe Zinazokataliwa Kutoka Katika Sanduku la Pamoja

Mada iliyosomwa mbele ya semina ya maofisa wa TEHAMA na wakuu wa masjala



Waandaaji wa semina hii wameniagiza nizungumzie hitilafu za idhini ziwapatazo watumishi wanapotuma barua pepe kutoka katika sanduku la pamoja, na kwa kuwa ada ya mada za semina ni kuanza na fasili, nami nitaanza nazo, ila sitakaa hapo sana, maana sidhani kama yumo humu ukumbini mtu asiyejua sanduku la pamoja ni kitu gani. Ni anwani ya ofisi wala si ya mtu: anwani ya manunuzi, ya malalamiko, ya udahili, ya mapokezi, ambapo barua ziingiazo husomwa na watumishi wawili au watano au zaidi, na zitokazo hubeba jina la ofisi. Katika mfumo wa Exchange wa Microsoft, ambao ndio nitakaouzungumzia, sanduku la namna hii likiwa katika huduma ya mtandaoni halidai leseni yake peke yake maadamu halijavuka gigabaiti 50, na akaunti iliyo nyuma yake yapasa ifungwe, asiweze mtu kuiingia moja kwa moja. Kila mtumishi hulifungua sanduku akiwa ndani ya akaunti yake mwenyewe, kwa idhini aliyopewa na msimamizi wa mfumo.

Idhini hizo ni tatu. Ya kwanza humruhusu mtumishi kulifungua sanduku, kusoma, kupanga na kufuta, na ijapokuwa huitwa idhini kamili, haina ndani yake haki ya kutuma hata barua moja. Ya pili ni ya kutuma kama sanduku lenyewe, ambapo mpokeaji huona jina la ofisi tu. Ya tatu ni ya kutuma kwa niaba, ambapo mpokeaji huona jina la mtumishi na kwamba ameandika kwa niaba ya ofisi. Mtu akipewa hizi mbili za mwisho kwa pamoja, ile ya kutuma kama sanduku ndiyo itendayo kazi daima, na ile ya niaba hukaa kimya. Fasili zimekwisha.

Sharti niongeze jambo moja la tarehe, kwa kuwa wapo wanaodhani ya kwamba mpaka huu baina ya kusoma na kutuma ni ukaidi wa kampuni moja. La hasha. Waraka wa mwaka 1982 uliotungwa na David Crocker wa Chuo Kikuu cha Delaware, uliokuwa msingi wa muundo wa barua pepe duniani kote, tayari ulitenga mahali pawili katika kichwa cha barua, pa kwanza pa mwenye maneno na pa pili pa mkono ulioituma, na mfano ulioutumia ni wa katibu muhtasi atumaye barua kwa niaba ya mkuu wake. Basi hoja ya nani asema na nani atuma ilikuwamo tangu mwanzo, na haikuwa hoja ya mitambo. Ilikuwa hoja ya dhamana. Masjala zetu zilikwisha kuijua kabla ya kompyuta: karani aliyeruhusiwa kufungua jalada hakuwa, kwa sababu hiyo tu, ameruhusiwa kuushika mhuri.

Sasa nije katika jambo ambalo kwa miaka mingi limenichosha, na ambalo kwa idhini yako, Ndugu Mwenyekiti, nitalipa sehemu kubwa ya wakati wangu. Nalo ni hili: mtumishi amepewa idhini ya kutuma, msimamizi ameiona kwa macho yake katika ukurasa wa usimamizi, na bado barua inarudi.

Tumtazame karani wa manunuzi, siku ya mwisho ya kujibu maswali ya wazabuni. Ameandika jibu, akaweka katika nafasi ya mtumaji anwani ya manunuzi, akabofya kutuma. Kabla hajainua kikombe chake cha chai inamrudia barua ya mfumo isemayo kwamba hana ruhusa ya kutuma kwa niaba ya mtumiaji aliyetajwa. Anapiga simu TEHAMA. Ofisa anafungua ukurasa, anaona kweli hakuwa na idhini, anaiongeza, anamwambia ajaribu tena. Anajaribu, inarudi. Ofisa anaiondoa idhini na kuiweka upya, inarudi. Saa inakwenda, mzabuni anangoja, na mkuu wa idara amesimama nyuma ya kiti cha karani akiuliza kwa nini jambo dogo kama hili halimaliziki. Mwisho wa yote karani anajibu kwa anwani yake binafsi, na jibu rasmi la taasisi linatoka nje ya kumbukumbu rasmi za taasisi.

Tukio la aina hii aghalabu lina sababu moja kati ya chache, nazo zafaa zitafutwe kwa utaratibu, si kwa kubahatisha.

Sababu ya kwanza ni wakati. Idhini haienei mara tu inapoandikwa. Yaweza kuchukua hadi dakika 60. Ofisa anayeiondoa na kuirudisha kila baada ya dakika kumi anaurudisha mwanzo muda wa kungoja, na mwishowe hajui tena ni hatua ipi iliyofaa. Najua ni vigumu kumwambia mkuu wa idara angoje saa nzima, walakini ni lazima aambiwe hivyo kwa adabu na kwa uthabiti, na asubuhi si jioni.

Sababu ya pili, ambayo ndiyo hasa huwapotezea wenzangu siku nzima, ni daftari la anwani. Programu ya Outlook iliyo katika kompyuta ya mtumishi haiulizi seva kila mara. Huweka nakala ya daftari la anwani humo humo ndani ya kompyuta, na kwa kawaida huteremsha nakala mpya mara moja tu kwa saa 24. Sanduku lililoundwa leo laweza kuwa halimo katika nakala hiyo hadi kesho. Na likiwa limefichwa lisionekane katika daftari, kama taasisi nyingi zinavyofanya kwa nia njema kabisa ya kupunguza majina orodhani, Outlook hushindwa kuitambua anwani ya mtumaji na barua hukataliwa, ijapokuwa idhini ipo na ni sahihi. Nimewaona maofisa hodari wakitilia shaka idhini, leseni, hata mtandao wa jengo, ilhali kosa lilikuwa alama moja ya tiki iliyowekwa na mtangulizi wao. Pacha wa kosa hili ni anwani ya zamani: mtumishi anapoanza kuandika jina la sanduku, Outlook humpendekezea anwani iliyoikumbuka tangu sanduku la awali lilipofutwa na kuundwa jingine lenye jina lile lile. Kwa macho ni anwani moja. Kwa seva ni viumbe wawili, na mmoja amekwisha kufa. Pendekezo hilo lifutwe, na anwani ichaguliwe upya katika daftari.

Ndiyo maana nawasihi wote waishike kanuni moja kabla ya nyingine zote: barua ikirudi, jambo la kwanza ni kumwambia mtumishi atume ile ile kupitia kivinjari, si kupitia Outlook ya kwenye kompyuta yake. Ikienda, idhini ni nzima na ugonjwa umo ndani ya kompyuta. Ikirudi, ugonjwa umo katika idhini. Jaribio hili huchukua dakika mbili, na huondoa nusu ya mabishano.

Sababu ya tatu huhusu makundi. Ni busara kumpa idhini mtu kwa kupitia kundi badala ya jina lake, nami naliunga mkono jambo hilo, lakini kundi lenyewe sharti liwe la usalama na liwe na anwani ya barua pepe. Orodha ya kawaida ya kusambazia barua haiwezi kubeba idhini. Tena sanduku halitajitokeza lenyewe katika Outlook ya mtumishi aliyepewa idhini kwa njia ya kundi, kwa hiyo yeye hudhani hakupewa kitu, huliongeza kwa njia zake mwenyewe, na mara nyingi hukosea.

Sababu ya nne ni ya taasisi zenye seva zao ndani ya jengo na sehemu nyingine ya mfumo mtandaoni. Idhini ya kutuma kama sanduku haisafiri yenyewe baina ya pande hizi mbili. Huandikwa huku na huandikwa kule. Aidha zipo zile idhini zinazotoweka. Ofisa huiweka, hufanya kazi, na saa moja baadaye haipo. Hapa si uchawi wala si mkono wa mtu: mfumo wa Active Directory, kila baada ya dakika 60, huzirudishia akaunti zilizomo katika makundi ya wasimamizi idhini zake za asili, na kufuta chochote kilichoongezwa. Sanduku la pamoja lililogeuzwa kutoka katika akaunti ya msimamizi aliyehama, bila kuiondoa kwanza katika makundi hayo, litaipoteza idhini kila saa hadi mtu atazame mahali panapostahili. Baada ya kuitoa akaunti makundini, urithi wa idhini nao urejeshwe, kwani haurudi wenyewe.

Na ipo mitambo. Mashine ya kunakili inayotuma karatasi zilizoskaniwa, au programu ya ankara, huingia kwa akaunti moja na kujitambulisha kwa anwani nyingine. Seva huikataa kwa namba 5.7.60, nayo ina maana ile ile: aliyeingia hana idhini ya kujiita jina lile. Akaunti ya mashine nayo yataka idhini yake.

Sasa niseme wazi lile ambalo kwa tahadhari za kiofisi huwa tunalizunguka. Hitilafu hizi zikichelewa kutatuliwa, idara huzitatua zenyewe kwa njia moja tu: nenosiri la sanduku hufunguliwa, huandikwa katika karatasi, hubandikwa chini ya kibodi, na watu saba huingia kwa jina moja. Barua zinakwenda, malalamiko yanakoma, na TEHAMA inapumua. Lakini siku barua isiyostahili itakapotoka, ikatangaza bei kabla ya wakati au ikamtukana mlalamikaji, hapatakuwa na awezaye kusema ilitoka mkononi mwa nani, na atakayeadhibiwa huenda akawa mdogo kuliko wote chumbani. Siwalaumu makarani. Walitafuta njia ya kufanya kazi yao baada ya sisi kuwanyima ile ya halali.

Mapendekezo yangu ni haya, na msamaha wenu nauomba yanapokariri niliyokwisha kusema.

Idhini ya kusoma na idhini ya kutuma ziombwe kwa fomu moja lakini kwa mistari miwili, na mkuu wa idara atie saini katika kila mstari, kwa sababu uamuzi wa nani aiseme ofisi ni wake wala si wa TEHAMA. Achague pia baina ya kutuma kama sanduku na kutuma kwa niaba. Asiziombe zote mbili kwa mazoea. Sanduku jipya liundwe walau siku mbili kabla ya siku ya kuhitajiwa, ili daftari la anwani lipate kufika katika kompyuta zote. Sanduku linalotumiwa kutuma lisifichwe katika daftari. Kama ni lazima lifichwe, basi watumishi wake waelekezwe kutumia kivinjari. Kila ofisa wa zamu aanze na jaribio la kivinjari, naye asiiguse idhini aliyoiweka mpaka dakika 60 zimepita. Makundi ya usalama yatumike, na mtumishi akihamishwa aondolewe kundini siku ile ile.

Kwa wenzangu wa masjala nina ombi mahususi. Barua itumwayo kutoka katika sanduku la pamoja, kwa mpangilio wa awali, nakala yake hubaki katika akaunti ya aliyetuma wala si katika sanduku la ofisi, na akistaafu huondoka na akaunti yake. Ipo mipangilio ya kuagiza nakala ibaki pia katika sanduku lenyewe, mmoja wa kutuma kama sanduku na mwingine wa kutuma kwa niaba. Yote miwili iwashwe katika kila sanduku, na masjala ndiyo iidai. Kwa taasisi za umma, zilizo chini ya Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa ya mwaka 2002, sioni namna ya kulipuuza hili.

Akaunti zilizo nyuma ya masanduku ya pamoja zifungwe zote, na manenosiri yaliyokwisha kusambaa yabadilishwe siku ile ile zinapofungwa. Lakini idhini za halali zitolewe kwanza na zijaribiwe mtu kwa mtu, kwa kutuma barua halisi na kuiona imefika, ama sivyo tutakuwa tumewafungia watu mlango wa nyuma kabla ya kuwafungulia wa mbele. Kisha kila robo mwaka TEHAMA itoe orodha ya wenye idhini ya kutuma katika kila sanduku, impelekee mkuu wa idara, naye aithibitishe kwa saini ndani ya wiki mbili. Sanduku ambalo hakuna mkuu aliye tayari kuitilia saini orodha yake, lizuiliwe kutuma hadi apatikane.