PAWATILA INAYOJIENDEA YENYEWE
(Mazungumzo ya Afisa Elimu ya Watu Wazima na wakulima wa mpunga, Kiongoroni)



Leo sikuja na habari za a, e, i, o, u. Hizo mmekwisha kuzimaliza. Nimekuja kuzungumza juu ya pawatila.

Mwaka 2009 serikali ilitangaza Kilimo Kwanza, na mashine hizi zikaenea vijijini. Ni msaada mkubwa. Lakini mashine isiyotunzwa ni kama ng'ombe mkali asiyefungwa kamba.

Siku moja niliona jambo la kutisha. Kijana alisimamisha pawatila shambani ili azungumze na mama yake. Injini ilikuwa inanguruma, gia imo, na mkono wa klachi ameuvuta nyuma. Mara mashine ikaanza kutambaa polepole. Mama alikuwa amesimama mbele yake. Aliruka, gurudumu likapita juu ya khanga yake. Mungu alisaidia. Je, angekuwa mtoto amelala pale chini ya dungu?

Kwa nini ilitambaa? Injini huzungusha mikanda. Mikanda huzungusha klachi, na klachi hupeleka nguvu kwenye gia na magurudumu. Ukivuta mkono nyuma, fito ya chuma huvuta klachi ili nguvu ikatike. Fito ikilegea, mkono unakwenda nyuma lakini klachi haikatiki vizuri. Ndiyo maana mashine inajiendea.

Sasa sikilizeni namna ya kupima. Tafuta mahali tambarare. Ondoa watu na watoto wote mbele na nyuma. Visu vya kulimia visizunguke. Washa injini gia ikiwa huru. Vuta mkono mpaka mahali pa kukata nguvu, halafu tia gia ya kwanza. Usiuvute mpaka mwisho kwenye breki, maana breki itakudanganya. Mashine ikisimama kimya, klachi ni nzima. Ikitambaa, rudisha gia, zima injini, kisha urekebishe.

Narudia: ZIMA INJINI KWANZA. Usitie mkono karibu na mikanda inayozunguka.

Kwanza, tazama mikanda. Ibonyeze katikati kwa kidole. Ishuke kama sentimita 2 hadi 3, yaani upana wa kidole gumba. Ikishuka zaidi imelegea. Legeza bolti za injini, sogeza injini mbele kidogo, kaza tena.

Pili, tazama fito. Ina nati ya kurekebishia na nati ya kuizuia isifunguke. Legeza ile ya kuzuia. Kama mashine inatambaa, fupisha fito kwa kuzungusha nati nusu mzunguko tu. Kaza, kisha pima tena. Kama bado, ongeza nusu nyingine. Msiwe na haraka.

Lakini ukikaza mno unaleta ugonjwa mwingine. Injini inalia, mashine haina nguvu kwenye tope, na klachi inanuka kuungua. Hapo, kama mikanda ni mizima, refusha fito kidogo. Mkono uwe na ulegevu kidogo kabla haujaanza kuvuta.

Haya ni kwa pawatila zenye klachi ya sahani, ambazo ndizo nyingi. Ziko nyingine ambazo klachi yake ni puli inayobana mkanda. Hizo zina utaratibu wake. Ziko pia trekta ndogo za bustani zisizo na gia, zinazosukumwa na mafuta yenye shinikizo. Hata hizo zina fito, na hata hizo hutambaa fito ikipotoka. Kwa hiyo soma kitabu cha mashine yako. Kusoma mnajua!

Jambo la mwisho. Sisi tunaishi na maji ya chumvi, na chumvi hula chuma. Baada ya kazi osha fito kwa maji baridi, ikaushe, ipake grisi. Fundi yuko mbali, mpaka mashua na maji yajae. Nati iliyoshika kutu ikikatika wakati wa kulima, mvua haitakusubiri.

Ndugu zangu, aliyejifunza kusoma asiishie kuandika jina lake.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA KISOMO
1. Kwa nini pawatila hutambaa hata mkono wa klachi ukiwa nyuma?
2. Kwa nini tunazungusha nati nusu mzunguko tu?
3. Katika kikundi chenu, nani anatunza spana na kitabu cha mashine?