Kikopey: Mji Uliolelewa na Barabara



Mwulize msafiri yeyote wa barabara ya Nairobi–Nakuru Kikopey ni nini, atakujibu kwa neno moja: nyama. Hajakosea. Lakini kabla ya moshi wa choma palikuwa na malisho, na malisho hayo yalikuwa na wenyewe.

Jina ni la Kimaasai. Zamani liliandikwa Kekopey, na huelezwa kuwa ni mahali ambapo kijani hugeuka kuwa cheupe. Aliyeona magadi ukingoni mwa Ziwa Elmenteita hatashangaa. Kwa mkataba wa 1904 Wamaasai waliondolewa sehemu hii ya Bonde la Ufa, na ardhi ikapewa walowezi. Kekopey ikawa ranchi ya Galbraith Cole, shemeji yake Lord Delamere wa Soysambu. Kaburi lake liko papo hapo, likitazama ziwa.

Baada ya uhuru ranchi ilinunuliwa na wakulima, wakagawana vipande na kupanda mahindi. Nyani nao wakayaona mahindi. Mtafiti Shirley Strum, aliyeanza kuwachunguza nyani hao mwaka 1972, aliwahamishia Laikipia mwaka 1984 ili wasiuawe kwa kuharibu mashamba. Kumbe hata nyani wa Kikopey wana historia ya kuhamishwa!

Waliobaki kando ya lami ndio waliojenga mji. Mvua ya hapa si ya kutegemewa, lakini magari hayakosekani mchana wala usiku. Mbuzi akaanza kulipa kuliko gunia la mahindi. Leo gari likipunguza mwendo tu, vijana wenye aproni wanalipungia, kila mmoja akiita upande wake. Mteja huchagua paja au mbavu zinazoning'inia dirishani, hupimiwa kwa kilo, kisha husubiri. Kusubiri ndiko kunakoijenga Kikopey: mteja akingoja jiko, huagiza supu, hununua viazi vya kupeleka nyumbani, huosha gari. Bucha moja hulisha mchoma nyama, mkata kachumbari, muuza makaa na mama wa ugali.

Barabara hiyohiyo inayoleta mteja huua pia. Malori yanayoshuka kwa kasi na magari yanayokata kona ghafla kuingia bucha yamegharimu maisha ya watu. Kwa hiyo upanuzi wa barabara kutoka Rironi hadi Mau Summit, uliozinduliwa mwishoni mwa 2025, una heri yake. Una hofu yake pia: njia ikiwa pana, ikiwekwa kizuizi katikati, dereva anayetoka Nakuru atavukaje kwenda kwenye jiko la upande wa pili?

Hapa sheria inagawanya kazi. Barabara kuu ni ya serikali ya kitaifa. Leseni za biashara, masoko na machinjio ni za kaunti. Mwenye bucha amesimama katikati ya serikali hizo mbili, na mara nyingi kibanda chake kimesimama ndani ya hifadhi ya barabara. Kifungu cha 10 cha Katiba kinataja ushirikishaji wa wananchi, na wa Kikopey wana mambo mahususi ya kudai michoro ikiletwa: njia ya kuingilia iliyo salama, maegesho ya malori, kivuko cha waendao kwa miguu, na mahali pa kuhamishia majiko kabla tingatinga halijafika.