Neno na Jirani Zake
Mazungumzo ya redio kwa madarasa ya kisomo cha watu wazima

Kila mmoja na ashike kalamu na kipande cha karatasi, maana leo tutacheza. Msione haya. Watu wazima pia hucheza. Bao halikuchongwa kwa ajili ya watoto.

Haya, itikieni. Kitendawili! Nyumba yangu haina mlango. Najua mmekwisha jibu: ni yai. Na aliyeshindwa hutoa mji, kama ilivyo desturi yetu.

Mchezo wa leo ni jamaa ya kitendawili, lakini hawakuzaliwa tumbo moja. Mtu mmoja ana neno moja moyoni mwake. Wewe huambiwi herufi yake ya kwanza, wala huambiwi lina silabi ngapi. Unataja neno lo lote upendalo. Naye anakujibu kwa namba tu, na namba hiyo inakuonyesha kwamba neno lako li karibu na lake au li mbali. Lakini ukaribu huo ni wa maana, si wa herufi. Andikeni maneno haya matatu: kalamu, karamu, wino. Kalamu na karamu zinafanana kwa macho na kwa masikio, lakini katika mchezo huu hazijuani. Kalamu na wino hazifanani hata kidogo, nazo ni jirani wa ukuta kwa ukuta.

Kwa Kiingereza mchezo huu huchezwa kila siku katika intaneti, na mmoja ujulikanao sana huitwa Semantle. Aliyeubuni ni David Turner, mwaka 2022, wakati watu wengi walipokuwa wakicheza Wordle, ambao ni mchezo wa herufi. Katika Semantle kila siku huwekwa neno jipya, na wachezaji wote, wawe London au Nairobi, hutafuta neno lile lile. Neno lenyewe hupata alama 100. Mwingine ni Contexto, ulioanzia Brazil mwaka huo huo. Huo hautoi alama bali hutoa nafasi: neno la siri ni la 1, jirani wa kwanza ni wa 2, na kuendelea hivyo mpaka maelfu. Katika michezo yote miwili waweza kukisia mara nyingi upendavyo, wala hutozwi mji.

Sasa mtauliza: nani hutoa namba hizo? Mwalimu hayupo pale. Hutolewa na kompyuta. Na kompyuta yajuaje kwamba wino ni jirani wa kalamu, hali haikupata kuandika barua? Hapa ndipo penye kiini cha somo letu, basi sikilizeni vizuri.

Zamani alikuwako mtaalamu wa lugha wa Uingereza, J. R. Firth, aliyefundisha katika chuo cha London ambacho Kiswahili nacho hufundishwa. Mwaka 1957 alieleza kwamba ukitaka kujua maana ya neno, tazama maneno ambayo hufuatana nayo. Ni kama sisi tunavyomtambua mgeni: tunatazama amefuatana na nani. Miaka mingi baadaye, mwaka 2013, Tomas Mikolov na wenzake wa kampuni ya Google walitengeneza njia ya kuifundisha kompyuta jambo hilo. Waliipa habari za magazeti zenye maneno yapata bilioni 100. Kompyuta haikuelezwa maana ya neno hata moja. Ilitazama tu: neno hili hukaa kando ya maneno gani? Kisha kila neno likapewa namba 300, mfano wa anwani ya nyumba. Maneno yenye jirani wa namna moja yakapata anwani zilizo karibu. Semantle hutumia anwani hizo hizo.

Mkilielewa hilo, mmekwisha pata nusu ya ushindi, kwa sababu makosa mengi ya wachezaji hutoka hapo. Bingwa wa vitendawili huanza kwa kushindwa. Yeye amezoea kutafuta mfano wa umbo: yai ni kama nyumba, meno ni kama kuku wengi weupe. Mashine haioni umbo. Kwake yai li karibu na kuku, kukaanga na kiamsha kinywa, na nyumba iko mbali sana.

Tena angalieni: maneno yaliyo kinyume huwa karibu. Wengi hukataa jambo hili. Husema, "Mwalimu, moto na baridi zitakuwaje jirani?" Lakini tazameni sentensi zake. Maji ya moto, maji ya baridi. Chai imekuwa moto, chai imekuwa baridi. Hukaa mahali pale pale, kama watani wawili wasioacha kuketi kiti kimoja. Kwa hiyo "nunua" ikipata alama nyingi, jaribu "uza". "Ndoa" ikipata, usisahau "talaka".

Sasa, tuanzeje? Mvuvi asiyejua samaki wako wapi hatupi ndoana mahali pamoja siku nzima. Tupa maneno yako mbali mbali: neno la shambani, neno la jikoni, neno la mwilini, neno la serikali, neno la moyoni kama furaha au hofu. Na usitaje majina ya vitu tu. Taja na vitendo, taja na sifa. Maneno ya kwanza sita au saba hayataki akili nyingi. Hayatafuti jibu, yanatafuta upande.

Neno moja likiwa vuguvugu, usilikimbilie mara moja. Jiulize kwanza: ni vuguvugu kwa maana yake ipi? Lugha yetu imejaa mitego ya namna hii. Paa ni mnyama, paa ni la nyumba, na kupaa ni kwenda juu. Mbuzi hula majani, na mbuzi hukuna nazi. Kaa hutembea upande ufukweni, kaa huwaka jikoni, na mtu akikaribishwa huambiwa kaa. Mashine ya namna hii hulipa neno lililoandikwa anwani moja tu, hata likiwa na maana tatu. Basi ukitaja "paa" likapata alama kidogo, taja upesi "swala" na "bati". Mmoja atapanda, mwingine atashuka, nawe utajua njia.

Niwape mfano wa mchezo nilioucheza mwenyewe juma lililopita na mwenzangu anayeangalia mitambo hapa studio. Hatukutumia kompyuta, yeye alificha neno, akawa ananijibu: baridi, vuguvugu, moto. Nilianza na "maji": baridi. "Askari": baridi. "Furaha": baridi. "Shamba": vuguvugu. "Pika": baridi. "Mahakama": vuguvugu.

Hapo nikasimama. Shamba na mahakama si watu wa kijiji kimoja. Maneno mawili ya mbali yakipata joto pamoja, hapo ndipo penye bahati, maana neno la siri huenda limekaa pale njia zao zinapokutana. Nikafikiri: shamba na mahakama hukutana wapi? Nikasema "mpaka". Akajibu: moto kidogo. Nikafurahi sana, na furaha ile ndiyo iliyonipoteza. Nikaanza kuchimba pale pale: "ekari", "kiwanja", "hati", "jirani", "beacon" hata nikatumia Kiingereza cha wapima ardhi. Maneno kumi na mawili, yote hayakupita "mpaka". Nililipenda neno langu nikawa siwezi kuliacha.

Ukiona umetaja maneno matano na hakuna lililopanda, ondoka. Rudi nje kabisa kama mtu aliyeanza sasa hivi. Nilifanya hivyo kwa kuchelewa. Nikasema "mtoto", bila ya kuwa na sababu. Akajibu: moto! "Baba": moto. "Ndugu": moto. Sasa niliona. Shamba, mahakama, mtoto, baba, na ndugu waliokwenda mpaka kwa hakimu. Neno lilikuwa "urithi". Nilitumia makisio ishirini na tatu, na mwenzangu bado ananicheka.

Mnaona kwamba maneno yote ishirini na mawili niliyokosea yalinisaidia, hata yale ya baridi. Nasema hivi kwa ajili ya wale wanaokaa nyuma darasani wasitake kujibu, kwa kuogopa kukosea mbele ya wajukuu. Katika mchezo huu asiyekosea hana la kumwongoza.

Lakini msiiamini mashine kupita kiasi. Yenyewe ilisoma magazeti, na magazeti yameandikwa na watu. Mwaka 2016 wataalamu wa Boston University na wa kampuni ya Microsoft walizichunguza anwani zile zilizotokana na habari za Google. Waliona kwamba maneno ya kazi za nyumbani yalivutwa upande wa "mwanamke", na kazi za ufundi wa kompyuta upande wa "mwanamume". Mama zangu mnaonisikiliza, hayo si maana ya neno mwanamke. Hayo ni mazoea ya waliokuwa wakiandika, na mashine iliyapokea yote bila kuchagua, kama kasuku. Mchezaji mwerevu atalikumbuka hilo akitafuta jibu, maana lazima afikiri kama gazeti linavyofikiri. Akimaliza kucheza, na afikiri tena kwa akili yake.

Sasa nitawaambia kwa nini nimechagua somo hili, maana mwaweza kudhani ni la kupitisha wakati. Katika darasa moja nililolifundisha alikuwako mzee mmoja, mkulima wa kahawa. Siku moja alikuja na karatasi mfukoni. Aliambiwa aweke dole gumba tu, kwamba ni karatasi ya kuandikisha jina apate mkopo. Lakini mwezi ule alikuwa amekwisha jua kusoma, basi akaisoma, pole pole, kwa sauti. Alifika kwenye sentensi hii: mkopaji ameweka shamba lake rehani mpaka deni lote litakapolipwa, akishindwa kulipa, shamba litauzwa. Maneno yote aliyajua, ila moja.

Sikumwambia maana yake. Nilimwuliza, "Mzee, neno hili limefuatana na nani?" Akahesabu kwa vidole: shamba, deni, kulipa, kuuzwa. Tukajaribu kutia maneno mengine mahali pake. Ameweka shamba lake zawadi? Akacheka, akasema atoaye zawadi hadaiwi. Ameweka shamba lake akiba? Akiba haiuzwi kwa deni la mtu. Ameweka shamba lake dhamana? Hapo alinyamaza. Darasa zima lilinyamaza. Akaikunja karatasi, akairudisha mfukoni, akasema, "Nitazungumza na mke wangu kwanza."

Sisemi kukopa ni kubaya. Juma la pili alikwenda akatia sahihi, kwa kalamu, si kwa dole gumba. Lakini alikopa nusu tu ya fedha zile, na aliloweka ni kishamba cha migomba cha bondeni. Shamba la kahawa hakuligusa.

Basi, zoezi. Wenye simu na wanaojua Kiingereza waweza kujaribu Semantle. Wengine wote chezeni darasani. Mmoja afiche neno, aliandike kwenye karatasi na kumpa mwalimu ili asije akalibadilisha katikati ya mchezo, maana nawajua. Patana kwanza juu ya jambo moja: majina yatajwe kwa umoja, na vitendo kwa shina lake. Kiswahili chetu chaweza kulifanya neno moja kuwa mia: soma, anasoma, tulisoma, hawakusomeshwa. Tusipopatana hapo, mtagombana mpaka taa izimike.

Kisha kila mtu aandike neno "dhamana" katikati ya karatasi, na kulizungusha kwa jirani zake kumi. Atakayepata jirani ambaye wenzake wote hawakumfikiria, aliandike neno hilo kwa herufi kubwa, na mwalimu atuletee karatasi yake. Juma lijalo, saa hii hii, nitazisoma. Kwaherini.