Yule Aliyekaa Uani

Msikilizaji, mbele yangu ipo ripoti ya shule ya binti wa kaka yangu, yuko darasa la tano. Hisabati 88, Kiswahili 91. Chini kabisa, kwa wino mwekundu, mwalimu ameandika: “Mkimya mno. Abadilike.” Baba yake akaziruka zile 91, akamwita mtoto sebuleni: “Una tatizo gani wewe?” Mtoto akainama, akawa anatazama vidole vyake vya miguu.

Neno “abadilike” limenikaa rohoni wiki nzima. Kwetu asiyepita nyumba kwa nyumba kusalimia anaringa. Akiwahi kuondoka harusini, ana lake jambo. Tumezoea kumpima mtu kwa sauti yake.

Mwaka 1921 daktari wa magonjwa ya akili kutoka Uswisi, Carl Gustav Jung, alichapisha kitabu kuhusu aina za hulka. Alieleza kwamba wapo watu ambao nafsi zao zimeelekea nje, kwenye watu na mambo yanayotendeka, na wapo walioelekea ndani, jambo haliwi lao mpaka walitafakari kwanza. Hakuna mgonjwa hapo. Wala hakutenga watu kama mchele na chuya: kila mmoja ana pande zote mbili, ila mmoja ndio hutangulia.

Mwaka 1925 Jung huyo alishuka Mombasa, akapanda treni hadi Nairobi, na mwishowe akafika Mlima Elgon. Huko alikaa barazani na wenyeji, akijikongoja kwa Kiswahili, kamusi ndogo mkononi. Naipenda sana picha hiyo. Bingwa wa hulka za watu ananyamaza, anatafuta neno, na wenyeji wanamsubiri.

Baadaye Wamarekani wawili, Katharine Briggs na binti yake Isabel Myers, walijenga juu ya mawazo yake wakatunga dodoso linalomweka kila mtu katika moja ya aina 16, kila aina na herufi zake nne. Siku hizi vijana wanatajiana herufi hizo kama wanavyotajiana kabila. Kama zinamsaidia mtu kujitazama, sawa. Lakini wengi wakilijaza tena baada ya wiki chache hupata herufi nyingine, maana wengi wetu tuko katikati, na dodoso linakata hapo hapo katikati. Hata wachapishaji wake wanasema lisitumike kuchagua wa kuajiriwa. Mwajiri anayemnyima mtu kazi kwa herufi hizo anamdhulumu.

Jumamosi tulikuwa na shughuli pale kwa kaka. Sebuleni watoto wanacheza na kupiga kelele. Yule binti simwoni. Nikamkuta uani na bibi yake, ungo katikati yao, wanachambua mchele. Nikasimama nyuma ya mlango. Alikuwa akizungumza, taratibu, bila kukatika, habari za kuku mwenye vifaranga tisa.

“Hawahesabu, bibi. Anawasikiliza. Akilia mmoja tu, hata kama yuko nyuma ya pipa na hamwoni, anarudi.”

“Nani kakwambia, mjukuu wangu?”

“Nimemtazama asubuhi tatu.”

Bibi akausogeza ungo karibu naye. “Haya, nieleze na habari za jogoo.”